Elfu Nane na Mia Nane

Momade alikufa Jumanne, na mimi habari niliipata Alhamisi, tena sokoni Palma, kwa muuza ndizi ambaye hakujua kwamba namfahamu marehemu. "Yule mzee aliyekuwa rubani zamani, yule aliyekuja na wakimbizi wa Quiterajo," alisema huku ananichagulia kichane, "wameshamzika. Afadhali mgongo wake upumzike." Niliziacha ndizi palepale mezani, nikaondoka bila kuaga. Miaka miwili mizima Momade alikaa Palma, nyumba ya pili nyuma ya msikiti, ya mlango wa buluu, na miaka miwili mizima mimi, kila nilipotoka kwangu Quionga kuja mjini, nilizunguka uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya mlango ule. Nilijua anakaa pale. Nilijua tangu wiki aliyofika. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja, na nilishindwa. Sikumwambia yeye, sikumwambia mume wangu Mungu amrehemu, sikumwambia mtu. Sasa mwenyewe kaondoka, ndiyo kwanza ulimi wangu unafunguka. Mtu mzima hovyo mimi.

Siku hizi angani Palma hapakosi kitu kinachovuma. Kuna vile vidude visivyo na mtu ndani, vinazunguka mchana kutwa kama vina shida yao, na vijana hawainui hata macho. Mimi nainua. Nikiusikia mlio tu, shingo inakwenda yenyewe, na mkono unatafuta kitu cha kushika. Wajukuu wanacheka: bibi kaona nini tena? Ni mazoea ya mwaka mmoja tu. Mwaka huo, nchi ikiwa bado changa na mabango ya uhuru bado hayajapauka ukutani, mimi Somoe niliandikwa kazi ya kutazama ndege.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya mawe waliyoiacha Wareno mwisho wa kijiji cha Quionga, baada ya minazi ya mwisho, mahali ambapo mtu hapiti ila awe na shughuli napo. Vyumba viwili na paa la saruji bapa. Chumba cha mbele kilikuwa na redio, meza na dirisha lisilo na kioo. Cha nyuma kilikuwa na magunia ya mchele na kitanda changu cha kamba. Mwenzangu, Matias, kijana wa Kimakonde kutoka bara, ndiye aliyeshika redio, na alilala barazani na blanketi lake la jeshi. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha na chai isiyo na sukari. Mchana wali na dagaa, na nazi tukipata. Matias alikuwa akiogopa bahari waziwazi, hata maji ya magotini hakuyaingia, na mimi sikumwacha salama. "Nenda kaoge, Matias, papa wa leo wamefunga." Naye hunijibu, "Ninyi watu wa pwani mkinuka udi mnadhani mmeshamaliza kazi." Huo ndio uliokuwa mchezo wetu, kila siku, na siku ambazo mmoja alikasirika kweli, nyumba ilikuwa kimya mpaka jua kutua. Kijijini sikuwa na wa kucheza naye. Wasichana wa rika langu walishaolewa, na mimi nilivaa suruali. Nikipita kisimani walinyamaza, nikishapita wakaendelea. Baba yangu alinisalimia kama anavyosalimia mgeni wa serikali. Ukiniuliza mwaka ule ulikuwaje, nitakwambia ulikuwa wa upweke, upweke mtupu, na shingo inauma.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Nilikuwa na kibao chenye nusu duara iliyochorwa nyuzi za pembe, na uzi wenye timazi. Ndege ikipita, naifuata kwa ukingo wa kibao, uzi unaning'inia, nasoma pembe. Wenzetu wa kituo cha Namoto, mtoni Ruvuma, nao walikuwa na kibao chao. Matias alipiga kelele redioni, "Sasa!", wakasoma yao nami yangu kwa pamoja, na kwa kuwa umbali kati ya vituo viwili ulijulikana, tabela, lile jedwali la hesabu, iliyobandikwa mezani ilinipa kimo. Kimo hicho Matias alikituma kusini, kwenye uwanja wa ndege zetu za vita, kwa meta, maelfu na mamia. Basi. Ila mimi meta sikuzielewa mwilini. Nilikulia kwenye mshipi wa baba: akitoka kuvua kina kirefu, mshipi ukishakauka, mimi ndiye niliyeupima kwa mikono yangu, pima baada ya pima, ncha ya vidole hii mpaka ncha ya vidole ile, karibu meta mbili pungufu kidogo. Ukiniambia meta elfu kumi naona tarakimu. Ukiniambia pima elfu tano na mia tano, mabega yangu yenyewe yanachoka. Kwa hiyo pembezoni mwa tabela, kwa penseli, nilijiandikia safu yangu ya pima. Mkuu wa vituo alipokuja kukagua aliiona, akanikaripia mbele ya Matias. "Hii ni kazi ya jeshi, si ngalawa ya baba yako. Futa. Nikiikuta tena unarudi kwenu." Nilisema ndiyo, komandante. Sikufuta.

Momade alikuja katikati ya mwaka, kwa lori, siku tatu. Marubani walitumwa vituoni kutufundisha maumbo ya ndege, na yeye alikuja na picha zake za karatasi nyeusi, na ndege moja ya mbao ya ukubwa wa kiganja. Nilitarajia mtu wa maringo. Kumbe ni kijana wa Quiterajo, mwembamba, mtoto wa wavuvi kama mimi, anakula wali kwa mkono na kulamba vidole. Jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa juu ya paa na sinia katikati, nilimuuliza ndege yake inapanda mpaka wapi. Kitabu kinasema elfu kumi na tano na nusu, alisema, halafu akaweka tonge chini. "Lakini kitabu hakisemi kukoje. Chini huku, dada Somoe, unakwenda utakavyo, polepole au mbio. Ukipanda, hewa inapungua, na njia inakuwa nyembamba. Ukipunguza mwendo kidogo, bawa halina cha kushika, unaanguka. Ukiongeza kidogo, ndege inatetemeka inataka kukatika. Unazidi kupanda, inazidi kubana. Juu kabisa, kupunguza na kuongeza vinakutana. Hapo hakuna pa kwenda. Na injini nayo inatweta, haina pumzi ya kutosha, ukiikosea kidogo tu inazima." Matias akauliza, mtu anafuata nini huko? Momade akacheka. Akasema unajisikia pumzi yako tu ndani ya barakoa, na dunia nzima iko chini na hakuna hata mmoja anayejua uko wapi. "Sijapata kuwa peke yangu namna ile," alisema. Nikamwambia, njoo ukae Quionga. Alinitazama, hakucheka, na nikajua amenielewa. Kwa mwaka ule mzima ndiyo mara pekee mtu aliponielewa.

Asubuhi ya mwisho aliiona safu yangu ya penseli. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, haya, nipigie na mimi, elfu kumi na tano na nusu ni pima ngapi? Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: elfu nane na mia tano, pungufu kidogo. Alinyoosha mikono yake miwili pale mlangoni, kama anayepima mshipi, akatazama juu. "Elfu nane na mia tano," alisema. "Mshipi mrefu huo." Halafu lori likampigia honi.

Sasa kulikuwa na ndege moja. Kila wiki mbili tatu ilikuja kutoka baharini, juu mno, mabawa marefu, mlio wake unafika yenyewe ikiwa imeshapita. Wengine walisema ya hawa, wengine walisema ya wale. Mimi sikujua ni ya nani na mpaka leo sijui. Tulijua ilikuwa inatupiga picha. Kila mara niliipima nikapata elfu kumi na sita na kitu, Matias akatuma, na kule kusini wakajibu, tumepokea. Hawakuwahi kutuma mtu. Amri ilikuwa wazi, Momade mwenyewe alitueleza: ikiwa juu ya elfu kumi na tano, iacheni ipite, ndege zetu haziwezi, mtu asijaribu.

Siku yenyewe ilikuwa Ramadhani, saa nne za asubuhi. Nisisingizie swaumu. Nilikuwa na kiu, ndiyo, lakini macho yalikuwa mazima na mkono haukutetemeka. Ndege ilikuja, Matias akapiga "Sasa!", Namoto wakatoa pembe yao, nikateremka ngazi mbio mpaka mezani, nikapitisha kidole kwenye tabela, nikasema kwa sauti, elfu nane na mia nane. Matias aligeuka. "Mbona leo iko chini hivyo?" Nami na ulimi wangu huu nikamjibu, "Kazi yako kutuma, si kuuliza. Tuma." Akatuma. Halafu nikakitazama kidole changu. Kilikuwa bado pale, juu ya safu yangu ya penseli. Nilikuwa nimetoa pima.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema yote. Nilijua palepale. Haikupita hata muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Ningemwambia Matias, sahihisha, elfu kumi na sita na mia moja, na mambo yangeisha. Lakini kusahihisha ni kuitaja safu, na safu niliambiwa niifute, na nikirudishwa nitarudi wapi? Kwa wale wa kisimani? Nikajiambia hawajawahi kutuma mtu, hawatatuma leo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza. Nilikuwa naifuta meza safi. Kisha redio ikakoroma, na tukasikia kusini wakizungumza na rubani aliyekwisha kupaa, na rubani akajibu, na ilikuwa sauti ya Momade.

Tulisikia maneno machache, kwa Kireno, yamekatikakatika. Alitaja elfu saba. Alitaja elfu tisa, halafu akanyamaza kidogo, na kusini wakamuuliza unaiona? Akasema naiona, iko juu yangu. Elfu kumi na mbili. Wakamwambia jambo ambalo hatukulipata. Elfu kumi na nne. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi, namwomba Mungu kimoyomoyo amgeuze, na mdomo wangu haukufunguka. Matias alikuwa ameshafahamu, alikuwa ananitazama mimi, si redio. Halafu ikaja pumzi, pumzi ya mtu tu, nzito, na baada yake neno moja: "Apagou." Imezima. Hakulisema kwa hofu. Alilisema kama mtu aliyeona taa ya chumba cha jirani imezimwa.

Wanawake waliokuwa wakiokota chaza maji yakiwa yamekupwa ndio waliomwona akishuka kutoka angani kwa mwavuli wake mweupe. Ndege iliingia baharini nje ya mwamba. Kiti kilichomrusha nje ya ndege kilimvunja mgongo. Walimbeba kwa kitanda mpaka kituoni, maana hakuna nyumba nyingine ya serikali, wakamlaza chumbani kwangu kati ya magunia ya mchele, na hapo akakaa siku mbili akisubiri lori la kumpeleka hospitali. Nilimpikia uji wa mchele. Nilimnywesha kwa kijiko. Jioni ya pili alifungua macho akanishika mkono, akasema, "Somoe, kule juu mbingu ni nyeusi. Mchana kweupe, nyeusi. Nikakumbuka..." Nikajua anataka kuniuliza kuhusu kile kimo. Nilijua kabisa. Nikaweka kijiko mdomoni mwake nikamwambia, kunywa uji. Akanywa uji.

Kabla lori halijaondoka walikuja maofisa wawili kumhoji, na mimi nilikaa chumba cha mbele, mlango ni pazia tu. Walimuuliza, kimo ulichopewa kilikuwa sahihi? Nilishika ukingo wa meza. Akasema, "Kilikuwa sahihi. Nilijua iko juu ya uwezo wa ndege yangu. Nilipanda kwa kutaka mwenyewe." Wakamuuliza tena, polepole, kama watu wanaompa nafasi ya kubadili. Akarudia vilevile. Nasi tuliulizwa mawili matatu, wakaandika, wakaenda zao. Momade alivuliwa cheo kwa kuvunja amri. Hakuruka tena, hata kutembea alitembea kwa mkongojo. Miezi michache baadaye kituo kilifungwa, Matias akarudi bara, na siku ya kuagana aliniambia neno moja tu: "Yule mtu amekusitiri." Ndivyo nilivyoamini na mimi. Kwamba alisema uongo mbele ya maofisa ili kunikinga, akapoteza ndege, cheo na mgongo, na mimi nikampa uji. Mtu aliyekufanyia hivyo utamwendea na uso gani? Nilijiambia nitakwenda Quiterajo baada ya mavuno. Nilijiambia nitakwenda Idi. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, na sikwenda. Vurugu za miaka hii zilipowatoa watu kwao zikamleta yeye mpaka Palma, karibu yangu kabisa, nami nikajifunza uchochoro wa nyuma.

Basi Alhamisi ile, kutoka sokoni, nilikwenda matangani. Nilipita mlango wa buluu kwa mara ya kwanza. Chumba kilijaa wanawake, jamvi na sufuria la wali lililofunikwa. Binti yake, Atija, mama wa makamo mwenye macho ya babake, alinipokea kwa mikono miwili. Nikataja jina langu na ninakotoka. Akaacha alichokuwa anafanya. "Somoe wa Quionga? Wa kibao?" Akanishika, akanitoa mpaka ua wa nyuma, akaniketisha kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikamwambia yote. Sikumbakishia. Penseli, kidole, kitambaa, uji. Nililia kama mtoto, na kilemba kikanivuka. Nikamwambia, baba yako alisema uongo kwa ajili yangu, na mimi sikumwambia hata ahsante.

Atija alinisubiri nimalize. Halafu akasema, "Mama, baba hakusema uongo." Nikamtazama. "Alitusimulia mara nyingi. Alipovuka elfu tisa na kuiona bado iko mbali juu, alijua umempa pima. Alicheka peke yake humo ndani. Alisema, Somoe kanipa mshipi wa babake. Akapiga hesabu, akaona kimo chako ni sawasawa kabisa, kimezidi kidogo tu pale ndege yake inapoishia. Kusini walimwambia arudi. Angeweza kurudi. Hakutaka. Alisema toka siku ile mlangoni kwenu alikuwa anataka kujua pima ya mwisho ikoje."

Nitasema ukweli, sikupata faraja. Nilipandwa na hasira. Miaka yote hii! Nikasema kwa sauti, "Sasa kwa nini hakuniambia? Mtu mzima na akili zake, ameniacha nabeba mzigo usiokuwepo?" Atija hakukasirika. Alikunja kanga yake magotini. "Alianza kukwambia, Mama. Ulimwambia anywe uji. Alikuwa akicheka kila akifika hapo. Alisema, mbingu ile nyeusi hakuna wa kumsimulia akaelewa isipokuwa wewe. Sisi tulimsikiliza, lakini alikuwa anaona tunamsikiliza kwa heshima tu. Tulimwambia tukuitie. Alikataa. Alisema, mwacheni, atakuja mwenyewe, nitamalizia." Nikauliza kama alijua mimi nafika Palma. Atija aliinuka, akaenda kunipakulia.

Walinipa sahani ya wali, nikala nilichoweza. Nikawaombea dua, nikawapa mkono wa buriani, nikatoka kwa mlango wa mbele. Kiti chake kilikuwa bado nje, kiti cha mbao cha mgongo mrefu, chenye mto wa kumkingia mgongo. Hakikuwekwa barazani kuelekea barabara kama viti vya wazee wengine. Kiliwekwa pembeni mwa nyumba, kimetazama uchochoro wa nyuma.